Mistari Miwili Niliyokunyima

Kaka Mbarouk,

Barua zote nnazowaandikia watu pale barazani kwa mahakama huzianza kwa kuuliza hali, kisha nikaarifu kuwa hali ya mwandishi ni njema. Kwako siwezi kuanza hivyo. Hali yako anaijua Aliyekuchukua, nami nnamwomba akulaze pema. Yangu si njema. Tumeshakosa mwanzo.

Basi nikupe habari za mtaa. Msikiti wetu umepata muadhini mpya. Mtu mwema, hana ubaya na mtu, ila akipandisha sauti utadhani kabati linaburutwa darini. Juzi Mzee Juma muuza kahawa alisema, "Adhana ya huyu unaikimbilia ili anyamaze." Watu wakacheka. Kisha akashusha pumzi, akatazama kikombe chake, akasema, "Allah amrehemu Mbarouk." Wote wakaitikia. Miezi saba umo kaburini na bado muadhini ni wewe. Mimi niko hai, nnapita mbele ya baraza ile ya kahawa mara nne kwa siku, na sijasikia mtu akishusha pumzi kwa ajili yangu.

Usinifahamu vibaya. Sikuanza leo. Kinyongo changu nawe kilianza siku Mama alipopakua samaki, kichwa akakuwekea wewe, mkia akaniwekea mimi, akasema, "Mbarouk anahitaji nguvu za kusomea." Nawe ulikuwa na miaka minane. Ukisoma maulidi nyumba za watu, ukirudi kanzu inanuka marashi, na mimi niliyekubebea viatu nnanuka viatu. Sauti ile hukuitafuta. Ulizaliwa nayo, kama mtu anavyozaliwa na pua.

Mimi changu nimekitafuta mwenyewe. Kusoma Kizungu nilijifunza kwa karatasi za kufungia njugu. Yule muuza njugu wa Darajani alikuwa akipata makaratasi ya serikali yaliyokwisha kazi. Nikimaliza njugu nnasoma karatasi. Hivyo ndivyo nilivyoijua sheria ya mbwa, sheria ya ngozi za ng'ombe, na nusu ya sheria ya wagonjwa wa akili. Nusu ya pili ilikuwa na mafuta. Niliisoma baadaye, makarani waliponizoea, na nnaikumbuka mpaka nukta zake.

Maradhi yalipokuingia, Mama alisema ni pepo. Akaletwa mganga kutoka shamba, ngoma ikapigwa siku saba uani, na pepo wako akaanza kutaja mahitaji. Anataka kanzu ya hariri. Anataka pete ya fedha yenye jiwe jekundu. Anataka halua ya lozi, isiwe ya jana. Alikuwa pepo mjuzi wa vitu. Mama alivitafuta vyote, akauza na bangili zake. Siku ya tatu, nikiri leo, na mimi nilijaribu. Nilikaa karibu na ngoma, nikafumba macho, nikatikisa mabega, nikaguna kidogo kwa sauti nene. Nilikwisha kuamua nitaomba viatu. Mganga akanifunua kope kwa kidole gumba, akanitazama kama anatazama papai sokoni, akamwambia Mama, "Huyu hana mtu. Mpeni chai."

Hata majini hawakunitaka, Kaka.

Halua iliisha, kanzu ikachakaa, na wewe hukupoa. Ulikuwa wiki mbili umetulia, wiki moja unabishana na ukuta. Imamu akakupumzisha adhana kwa upole. Kisha ukaja ule mwezi wa Ramadhani ulioangukia masika, na hili unalijua, lakini nataka ulisikie kutoka kwangu, kwa sababu sijawahi kumwambia mtu sehemu yangu.

Siku ile mawingu yalikuwa yamefunga tangu adhuhuri. Kichochoroni kwetu jua halionekani hata kukiwa kweupe, na upepo wa masika ukigeuka mzinga wa serikali wa kufuturia hatuusikii vizuri. Watu wamekwisha kukaa, uji umetiwa, kaimati zimefunikwa. Mara ikatoka adhana ya Magharibi. Ilikuwa sauti yako. Ilikuwa miezi mitatu hatujaisikia, na ilitoka kama haikuwahi kuugua. Nani angengoja mzinga? Mtaa mzima ulifungua. Imamu mwenyewe alikunywa maji.

Mimi nilikuwa na saa mkononi. Niliitazama. Ilisema bado nusu saa. Nikaona saa imekosea, nikala tende.

Mzinga ulipolia watu walikuwa wameshafika kwenye kaimati. Ukaanza mzomeo, na katikati ya mzomeo kicheko, na kicheko kikashinda. Imamu akatoka kibarazani, ndevu zina maji, akasema, "Siku hii tutailipa. Wala mtu asimguse." Na jirani yetu mmoja akajibu kutoka dirishani, "Kulipa siku moja kwa sauti ile, Sheikh, mbona rahisi!" Umewaharibia watu saumu yao na wanakushukuru. Kama ningeisoma mimi adhana ile wangenitupa chooni.

Lakini wewe hukuteremka. Ulipanda juu ya ukuta wa dari ya msikiti, ukawa unatembea ukingoni na kuadhini tena na tena, na mvua imeanza. Mzee Juma alipokwenda kukushika ulimpiga kibao, nusura muanguke wote wawili. Walipokuleta chini ulikuwa unatetemeka na unalia, unasema, "Mbona hamswali? Mbona hamswali?"

Kesho yake asubuhi nilitia nibu mpya kwenye kalamu nikaandika ombi la kukutia hospitali ya wagonjwa wa akili. Sheria ilitaka ndugu aombe, madaktari wathibitishe, hakimu aridhike. Ilitaka mwombaji awe amemwona mgonjwa kwa macho yake siku zile za karibuni, na aahidi kwenda kumtazama. Niliyaandika yote. Niliandika ukuta, mvua, kibao. Halikuwa na neno moja la uwongo, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, maana nimeandika maombi mengi yenye uwongo kwa moyo safi kabisa, na lile la kweli tupu niliandika nikiwa na furaha.

Hakimu aliniuliza, "Wewe nani kwake?"

"Nduguye, tumbo moja."

"Mna ugomvi wowote?"

"Hatuna, Bwana."

Sheria iliuliza swali la maana. Ilimuuliza mtu asiyefaa.

Nilitaraji kule utakuwa mtu mdogo. Nguo za serikali, sahani ya bati, ukuta pande nne, nani atakujali? Ijumaa ya kwanza Mama alipika bokoboko, mimi nikabeba kapu, tukakukuta uani umezungukwa. Mzee Shaame, yule muuguzi mtu wa Tumbatu, akatupokea mlangoni na meno yote nje. "Mama, huyu mwanao ameitengeneza wodi yetu. Yuko mgonjwa hapa hajasema neno tangu aletwe, juzi Mbarouk kamaliza kusoma, yule kasema, 'Amin.' Sote tuligeuka!" Akanitazama na mimi, kwa adabu. "Na huyu nani?"

"Huyu mdogo wake," Mama alisema. "Anabeba kapu."

Hakusema kwa ubaya. Alisema lililokuwepo.

Kila Ijumaa ikawa hivyo. Mama akikuuliza umekula nini mchana, umekula nini asubuhi, chai ilikuwa na tangawizi au haina. Mimi nimeishi naye nyumba moja miaka yangu yote na hajawahi kuniuliza chai yangu ilikuwa na nini, kwa sababu yeye ndiye aliyeitengeneza. Najua. Akili yangu inajua. Hicho kingine cha kifuani ndicho kisichojua.

Ukapoa, Kaka. Sijui ni dawa, ni utulivu, au ni wale watu waliokuwa wanakungoja Alasiri ili uwasomee. Ile Ijumaa daktari alituita mimi na wewe chini ya ukumbi, Mama yuko nje anakung'uta mkeka. Akasema, "Mimi sina pingamizi sasa. Kwa sheria, aliyeomba atiwe ndiye aombe atolewe. Aniandikie tu. Mistari miwili inatosha." Ulicheka kile kicheko chako cha kurudisha kichwa nyuma. Ukanishika bega. "Basi nshatoka! Mdogo wangu anaandikia Unguja nzima."

Nilisema, "Nnaandika, Kaka."

Sikuandika.

Nataka nikueleze na sijui kama inaelezeka. Ulipokuwa kule, watu wa mtaa walikuwa wameanza kunisikiliza. Nilikuwa nikisoma gazeti barazani na wananyamaza. Mama, tukirudi Ijumaa, alikuwa akinishika mkono kuvuka barabara. Mkono wangu, Kaka. Nilisema: wiki moja tu. Nimalize wiki hii niwe mimi mtoto aliyepo. Kisha nikasema wiki nyingine. Mama akiniuliza, "Wamesemaje, atatoka lini?" nikamjibu, "Sheria haijaruhusu, Mama. Serikali ina taratibu zake." Akakubali. Angebisha vipi? Katika nyumba ile mwenye kujua sheria ni mimi.

Zilipita Ijumaa tisa. Ya pili uliniuliza, "Barua yangu vipi?" Ya tano uliniuliza kwa mzaha, "Andika polepole, usiharibu mwandiko." Ya nane ukanitazama tu. Ya tisa barua hukuitaja, ukaniuliza kama kichwa changu kimeacha kuuma, maana niliwahi kukwambia kinaniuma.

Kipupwe kikaleta homa ya kifua. Siku nne. Mzee Shaame alikuja nyumbani asubuhi, kofia yako ameishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba chai ya moto, na kabla hajasema salamu Mama akakaa chini.

Baadaye, watu wameshazika, Shaame alinivuta pembeni akaniambia kitu. Alidhani ananifariji. Alisema wenzako wa wodi walikuwa wakikuuliza, "Nduguyo mbona haandiki?" nawe ukawajibu, "Ana watu wengi wa kuwaandikia. Mimi wa nyumbani, naweza kungoja."

Nikalia, na watu wakasema, masikini, walipendana. Ningekwambia ni majuto matupu nisingekuwa mkweli. Kilichonijia kwanza, kabla ya majuto, ni kile kile cha siku zote: hata maneno haya ameyapata yeye.

Sasa ndiyo ufike mahali penyewe. Tangu umezikwa, Mama amenigeukia. Kichwa cha samaki nnakula mimi. Kwenye khitima, kwenye harusi, kila akikaa na wanawake wenzake husema, "Khatibu wangu alimpigania nduguye mpaka mwisho. Alikwenda, akarudi, serikali ikamkatalia. Mtoto kama huyu nani anaye?" Nilichokitaka tangu nna miaka sita nimekipata, kimeletwa kwenye sinia na kimefunikwa kawa. Na kwa maneno yake hayo, watu wenye ndugu zao kule wanakuja kwangu niwaandikie. Nimeandika barua tatu. Watatu wametoka. Kila barua ilichukua muda mfupi kuliko kahawa kupoa.

Wa nne alikuwa Bi Kazija, mwanamke wa Makunduchi, kaka yake yuko ndani. Huyu hakuja mahakamani, alikuja nyumbani, Alhamisi, Mama yuko chini kwenye ungo anachambua mchele. Mama akaanza hadithi yake, serikali ilivyomkatalia mwanawe. Bi Kazija akasikitika kwa adabu, kisha akasema, "Lakini Bi Mwanakheri, mie kaka yangu n'lomtia ni mwenyewe, na daktari kanambia ni mistari miwili tu. Aliyemtia aandike, basi."

Vidole vya Mama vikasimama kwenye mchele.

"Mistari miwili?"

Kaka, ulimi wangu ni mwepesi kuliko mimi. "Sheria imebadilika, Mama."

"Imebadilika lini?"

"Karibuni."

Bi Kazija akasema, "Alhamdulillahi!" Na Mama akarudi kwenye mchele wake, akatoa jiwe, akalitupa, akamwambia yule mwanamke, "Una bahati, mwanangu. Yangu ilichelewa."

Niliandika barua ya Bi Kazija hapo hapo mbele yake. Haikubadilika sheria yoyote, Kaka. Ni ile ile, nukta kwa nukta.

Ijumaa sikula. Jumamosi asubuhi nilimkuta Mama jikoni anapuliza moto, nikakaa kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi kwa sababu hapakuwa na pengine, nikamwambia. Nilimwambia yote, na daktari, na ukumbi, na Ijumaa tisa. Nilipofika kwenye wivu nikaona nimekuwa mtu mzima mwenye mvi anayesema juu ya mkia wa samaki, lakini nikasema na hilo. Hakunikatiza. Moto ulikuwa umeshashika naye bado ameinama.

Kisha akasema, bila kunitazama, "Wazimu wa Mbarouk mtaa mzima uliusikia. Wako wewe nnausikia leo."

Akanyoosha mgongo. "Ile barua," akasema. "Iandike."

"Mama, Mbarouk ame..."

"Najua mwanangu yuko wapi. Iandike."

Nikachukua karatasi nikaandika, goti ndiyo meza. Akasema, "Isome." Nikasoma: mimi Khatibu, ndugu wa Mbarouk, niliyeomba atiwe hospitali, sasa naomba arejeshwe kwetu, nitamtunza. Akangoja, kama mtu anayesubiri iliyobaki.

"Ndiyo hiyo tu?"

"Ndiyo hiyo tu, Mama."

Akaichukua. Herufi za Kizungu hazijui, lakini aliitazama muda mrefu, akapitisha kidole juu ya mstari wa kwanza, kisha wa pili, na kilipofika mwisho wa pili kikabaki pale hakina pa kwenda. Akaifunga kwenye pindo la kanga. Adhuhuri alikuwa ameshapanda gari ya shamba, amekwenda kwa dada yake Matemwe. Hakunilaani. Angenilaani ningepata la kujitetea.

Nimekwenda huko mara mbili. Nikibisha hodi, khalati, huyo dada yake, ananifungulia. Nikisema, "Shikamoo, Mama," Mama anaendelea kusuka ukili wake. Marahaba bado. Nnakaa, nnakunywa maji, nnarudi mjini. Jirani wa pale alinambia kwamba kila Alasiri Mama husimulia habari zako, na watoto wa kijiji wamekwisha kulijua jina lako. Unaona? Umeiteka na Matemwe.

Nakuonea wivu mpaka leo, Kaka, nami nadhani nitakuonea mpaka nije hapo ulipo. Sikuombi unisamehe, kwa sababu nakujua: utasamehe mara moja, kwa upole, na nitashindwa tena.

Nakuahidi hili badala yake, na ahadi yangu sikuiweka kwenye moyo, moyo wangu umeuona. Nimeiweka kwenye kazi. Jumatatu alikuja mtu barazani, anataka kumtia mdogo wake. Mgonjwa kweli, nimekwenda nimemwona kwa macho yangu. Nikamwandikia ombi la kumtia, na kabla hajainuka nikamwandikia na la kumtoa, akatia sahihi zote mbili mkao mmoja, tarehe ya la pili nikaiacha wazi. Alishangaa. "Hili la kazi gani, naye hajaingia bado?" Nikamwambia ndivyo nnavyoandika mimi. Asiyetaka aende kwa mwandishi mwingine, wako wengi. Lile la pili hakuondoka nalo yeye. Nimelipeleka mwenyewe kwa mama wa mgonjwa, nikamsomea mara tatu mpaka akalikariri, nikamwonyesha pahala pa tarehe.

Nitafanya hivyo kwa kila ndugu atakayekuja kwangu, maadamu nna mkono wa kushikia kalamu. Lala, Kaka Mbarouk. Wewe hukuwa na wa kukupelekea mistari miwili yako.

Nduguyo wa tumbo moja, mwenye akili timamu kwa mujibu wa sheria,

Khatibu